Kafyu ya Babu

Kafyu ya corona ilipotangazwa Machi 2020, nilikuwa nyumbani Kangundo na begi ambalo sikuwa nimelifungua. Kampasi ilikuwa imefungwa, nilikuwa na deni la karo la mihula miwili, na moyoni nilijua sitarudi, ingawa sikuwa nimemwambia mtu. Redio ya Babu ilikuwa mezani, sauti juu kwa sababu ya sikio lake la kushoto ambalo lilikufa zamani. Msomaji wa habari akasema kuanzia Ijumaa mtu asionekane nje kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri.

Babu alikuwa na miaka 87. Kwa miezi kadhaa alikuwa hakumbuki kama amekula, na jina langu lilikuwa limemtoka kabisa. Lakini aliposikia neno kafyu alisimama, akanyoosha shati, akauliza:

"Nani iko zamu leo?"

Hakuna aliyejibu. Shangazi alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyechoka. Babu akatuangalia mmoja mmoja, akanifikia mimi, akaziangalia nywele zangu. Nilikuwa na rasta za miaka mitatu, zinafika mabegani. Uso wake ukabadilika.

"Huyu," akasema, "nani nafungua huyu?"

Ndivyo nilivyoanza kujua Babu alifanya kazi gani.

Tulikuwa tunajua alikuwa askari, bila shaka. Aliingia King's African Rifles mwaka 1952 akiwa na miaka 19, akastaafu kutoka Kenya Rifles mwaka 1974. Miaka 22 ya maisha yake, na sisi tulikuwa na picha moja ukutani, kofia moja kwenye sanduku, na sheria kwamba hakuna mtoto wa kwake anayetoka kitandani bila kukitandika. Hadithi alizopenda kusimulia zilikuwa za Shifta tu. Alisimulia joto la Wajir, maji ya kupimiwa kwa kikombe, na jinsi mabomu ya ardhini yalivyoanza kuzikwa barabarani hadi dereva akawa mtu wa kuombewa kabla ya kuwasha gari. Moja liliinua Land Rover iliyokuwa mbele yao. Sikio lilikwenda hapo. Hiyo hadithi alikuwa anaisimulia vizuri, na vituo vyake, na tukajua wapi pa kucheka.

Kabla ya Shifta kulikuwa na shimo. 1952 hadi 1963, hakuna kitu. Ukimuuliza, alikuwa anasema "tulikuwa kazini" na kuuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

Mwaka 2018 ndipo alianza kupotea. Kwanza ni njia ya kanisani, ambayo alikuwa ameitembea miaka arobaini. Halafu majina. Halafu akaanza kuweka viatu kwenye jiko. Alipelekwa hospitali mara tatu kabla mtu kutaja neno dimenshia. Mara ya kwanza tuliambiwa ni uzee, mara ya pili presha. Daktari wa mara ya tatu, kijana tu, alitueleza kwa subira. Alisema akili ya mgonjwa kama huyu ni kama rundo la magazeti, ugonjwa unaanza kutoa ya juu, ya jana na juzi, na yale ya chini kabisa ndiyo yanayobaki kwa muda mrefu. Akatupa vidonge vya kumsaidia kulala na kutuambia tusimbishie. Nyumbani watu wengine walikuwa na maelezo yao. Jirani mmoja alisema damu ya watu humrudia mtu uzeeni. Shangazi alimfukuza, lakini baadaye niliona hata yeye anafikiria.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa bila kazi, nilipewa zamu ya usiku. Baba yangu alikuwa Mombasa, na usafiri wa kutoka huko ulikuwa umefungwa. Shangazi alikuwa na shamba na watoto. Mimi nilikuwa na simu, bando ndogo, na makala za kuandikia watu mtandaoni kwa shilingi mia tano moja. Nikahamisha godoro chumbani kwa Babu.

Usiku alikuwa mtu mwingine. Mchana alizungumza Kikamba, kidogo na kwa kusita. Saa nane usiku alikuwa anaongea Kiswahili, haraka, bila kutafuta neno. Lakini haikuwa Kiswahili chetu, wala cha redio, wala cha Shangazi wa kanisani. "Wewe natoka wapi? Kipande iko wapi? Hapana sogea. Kaa chini, weka mkono kichwa." Mwanzoni nilidhani ni ugonjwa unamvunjia sarufi. Baadaye nikasoma na kugundua kwamba hiyo ni lugha kamili yenye jina lake: KiKAR.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ya historia ambayo tunaitembea kila siku bila kuiona. KAR iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, vya Afrika Mashariki na vya Nyasaland. Wengi wa askari wa mwanzo upande wa Uganda walikuwa Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri, na jeshi la Misri lilikuwa na vyeo vya Kituruki. Ndiyo maana koplo wa KAR aliitwa ombasha, yaani mkuu wa watu kumi, na sajini akaitwa shaushi. Neno effendi nalo likaja kwa njia hiyo hiyo. Baadaye likawa cheo cha Mwafrika aliyepanda juu kabisa, ambaye bado alikuwa chini ya afisa Mzungu mdogo kuliko wote. Sisi tukalifanya afande. Kila unapomwambia polisi wa barabarani "afande, samahani", unaongea Kituruki kilichopitia Sudan. Hao Wasudani walipewa ardhi ya kukaa msituni nje ya Nairobi, wakaiita Kibra, na sasa ni Kibera, na wajukuu wao Wanubi walipigania hati za hiyo ardhi kwa zaidi ya miaka mia.

Jeshi lilichukua watu kutoka Nyasaland hadi Turkana, na maafisa Waingereza waliotakiwa kujifunza lugha moja haraka. Wakachukua Kiswahili na kukikata. Ngeli zikaondolewa. Kiambishi kimoja, na-, kikatumika kwa kila mtu: mimi naenda, wewe naenda, yeye naenda. Kukanusha ni hapana tu. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari angelia. Ni lugha iliyotengenezwa kwa ajili ya kuamuru na kujibu amri, na ukiitumia muda unaona kwamba ni vigumu sana kubembeleza mtu nayo. Babu aliifundishwa akiwa na miaka 19, na ikaganda chini kabisa, kwenye magazeti ya mwisho.

Kwa nini aliingia? Vitabu vya wakoloni vinasema Wakamba walikuwa "kabila la vita", na kwa hivyo walitafutwa sana na KAR. Mimi siamini kama kuna kabila la vita. Mwaka 1938 serikali ilichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, ikisema ardhi imechoka na mifugo imezidi. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu kutembea hadi Nairobi kulalamika, na akapelekwa kizuizini Lamu. Babu alikuwa mtoto wa miaka mitano. Aliwahi kuniambia, kabla ya ugonjwa, kwamba baba yake alibaki na ng'ombe wawili na hasira. Kijana wa boma la ng'ombe wawili akisikia jeshi linalipa kila mwezi, linatoa viatu na nyama, ataenda. Uhodari wa kuzaliwa nao ni maneno ya waliokuwa wanamwandika.

Aliandikwa kabla tu ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa hivyo vita yake ya kwanza haikuwa ng'ambo kama ya wale wazee wa Burma. Ilikuwa Nyandarua na Mlima Kenya, ambako unaweza kufika kwa matatu kutoka kwetu asubuhi na kurudi jioni. Watu aliokuwa anawasaka walikuwa na rasta, kwa sababu msituni hakuna kinyozi.

Sasa nitaeleza kitu ambacho sikijivunii.

Usiku wa tatu au wa nne wa kafyu, Babu aliamka akanikuta nimeketi na simu. Mwanga ulikuwa unanimulika usoni. Akaniamuru nikae chini, nikakaa. Akauliza kipande changu kiko wapi, nikasema sina. Akaniuliza wenzangu wako wangapi. Nikamwambia, bila kufikiri, "Babu, ni mimi." Akaniangalia kama mfungwa anayedanganya. Akaanza kutetemeka na kutafuta kitu pembeni mwa kitanda, nikajua anatafuta bunduki. Basi nikakumbuka maneno ya daktari, tusimbishie. Nikasimama wima, nikatoa sauti nene, nikasema: "Ombasha! Zamu kwisha. Lala."

Akapiga saluti. Akalala.

Nilifurahi, nisidanganye. Nilikuwa nimepata dawa kuliko vidonge. Kwa wiki mbili nilikuwa natumia hiyo, na Shangazi akanisifu. Lakini nilikuwa nimeanza kusoma pia. Kwenye sanduku, chini ya kofia, kulikuwa na kitabu chake cha kuachishwa kazi, kile kidogo chenye jalada la kitambaa. Kikosi cha kwanza: 5 KAR. Nikaweka hiyo namba kwenye simu.

Juni 1953, askari wa Kampuni B ya 5 KAR walitumwa eneo la Chuka, ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Siku chache baadaye raia wapatao 20 walikuwa wameuawa. Si wapiganaji wa msituni, na baadhi yao walikuwa upande wa serikali kabisa, walinzi wa kijiji. Afisa aliyekuwa anaongoza, Kapteni Gerald Griffiths, alishtakiwa Novemba mwaka huo kwa mauaji mengine, na kortini ikatajwa wazi kwamba askari walikuwa wanapewa shilingi tano kwa kila mtu wanayemuua, na kwamba vikosi viliweka hesabu ya waliouawa kama matokeo ya mpira. Aliachiliwa. Kelele zikawa nyingi Uingereza, tume ikaundwa, akashtakiwa tena mwaka 1954 kwa kuwatesa wafungwa wa Chuka, na safari hii akafukuzwa jeshi na kufungwa. Ni yeye tu.

Nilisoma hayo saa tisa usiku, mtu wa 5 KAR akikoroma mita mbili kutoka kwangu.

Kikosi kina kampuni kadhaa. Kitabu chake hakisemi kampuni gani. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kuniambia, na alikuwa anasahauliwa na kichwa chake mwenyewe, kila wiki kidogo zaidi. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba tangu uhuru ilikuwa imeficha mafaili ya Kenya, masanduku karibu 300, ambayo sasa yalikuwa katika jumba la Hanslope Park. Kwa hayo masanduku kulikuwa na mawakili na maprofesa. Kwa Babu nilikuwa mimi. Na nitasema yote: nilikuwa pia nafikiria makala. Niliona kichwa chake.

Kwa hivyo nikaacha kumwambia alale. Akiamka, nilikuwa nasimama na kumhoji. "Ombasha! Juni mwaka ile, wewe iko wapi?" Nilijifunza KiKAR haraka, kwa sababu haina mambo mengi. Nikirekodi kwa simu. Usiku mwingine alijibu vitu visivyo na maana, mbuzi, mvua, jina la mtu wa kwao aliyemwibia blanketi. Nyingine alifika karibu. Kulikuwa na kipande kimoja alichokirudia mara nyingi, maneno yale yale: "Ile kijana ya mto. Yeye nasema iko na karatasi. Mimi nasema effendi, iko na karatasi." Halafu ananyamaza. Ningemuuliza: halafu? Effendi nasema nini? Anaangalia ukuta.

Mto gani, sijui. Karatasi nadhani ni pasi, kwa sababu wakati ule Mkikuyu, Muembu au Mmeru hakutembea bila hiyo. Kama kijana alipigwa risasi, na nani aliyepiga, hakusema.

Shangazi aliniambia ninyoe rasta, kwamba zinamtisha mzee. Nilikataa. Nilimwambia ni nywele zangu, ni haki yangu, nikataja mpaka kesi ya yule msichana wa Kirastafari aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele. Ukweli ni kwamba niligundua bila rasta hazungumzi sana. Zilikuwa ufunguo wangu.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi kali. Nilimwamsha. Hakuwa ameamka mwenyewe, nilimwamsha mimi, kwa sababu nilikuwa na maswali. "Ombasha, simama!" Akasimama. Mzee wa miaka 87, miguu mitupu kwenye simenti, mikono imenyooka pembeni, kidevu juu, anaangalia mbele. Nikamuuliza ya kijana wa mto. Akasema, "Ndiyo effendi." Nikauliza tena. "Ndiyo effendi." Nikauliza nani alipiga. "Ndiyo effendi." Mkojo ukaanza kumtiririka mguuni na hakusogea, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia asogee. Alikuwa analia pia, lakini uso haukujikunja. Machozi tu, kama ya mtu ambaye amezuiwa kulia gwarideni.

Nilizima simu. Nikamwambia pumzika. Nikapasha maji kwenye jiko, nikamwosha miguu, nikambadilisha. Nilitaka kumwomba msamaha nikakosa lugha, maana kwa KiKAR sijui inasemwaje, na Kikamba changu ni cha mtoto wa mji. Asubuhi nilienda kwa kinyozi wa stendi, yule aliyekuwa anafungua mlango wa nyuma wakati huo wa corona, nikamwambia amalize zote.

Niliporudi, Babu alinikaribisha vizuri sana. Alidhani mimi ni kaka yake, aliyekufa zamani. Alinihimiza nikae, akaniuliza habari za ng'ombe.

Kuna siku ninayoikumbuka nikiwa na miaka 13. Juni 2013, Uingereza ilitangaza kwamba inasikitika na italipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Tulikuwa tunaangalia habari. Wazee wa Mau Mau walikuwa wanaimba na kucheza. Babu alitazama hadi mwisho, akaondoa miwani, akasema kwa Kikamba kitu ambacho Baba alinitafsiria kama "wale wametajwa". Nilidhani ana wivu wa pesa. Nilipewa soda, nikasahau.

Sijui wangapi kama yeye wamebaki. Wale wazee wa Burma angalau wana makaburi yanayotunzwa na Novemba yao ya maua mekundu. Walioasi pale Lanet usiku wa Januari 24, 1964, wakidai mshahara, wana wanahistoria wao, na kikosi chao, cha 11, kilivunjwa. Babu alikuwa wa 5, na alijivunia kwamba hawakuasi. Lakini ombasha aliyeingia msituni 1953, akabadilisha beji ya kofia Desemba 1963 na kuendelea kupiga saluti bendera nyingine, huyo yuko katikati. Serikali mpya ilimhitaji, kwa hivyo haikumuuliza kitu. Jirani Mkikuyu hakumuuliza kwa adabu. Watoto hawakuuliza kwa sababu kulikuwa na ng'ombe wa kunyweshwa. Na hakuna daktari aliyewahi kumuuliza kwa nini, miaka yote ya ndoa, Nyanya alilala upande wa ukuta na yeye upande wa mlango. Shangazi anasema alipiga kelele usingizini tangu yeye akiwa mtoto. Waliita malaria.

Alikufa Februari 2022, kifua. Wazee watatu waliostaafu jeshi walikuja na nishani kwenye makoti yaliyowapwaya, mmoja akapiga saluti kaburini kwa mkono uliokuwa unatetemeka. Kwenye wasifu niliandika kwamba alilitumikia taifa kwa uaminifu kwa miaka 22. Kitabu chake, sehemu ya mwenendo, kimeandikwa maneno ya kusifu, kwa mwandiko mzuri wa afisa fulani.

Zile rekodi ninazo bado, faili 31. Nimezisikiliza mara moja. Sauti ninayoisikia zaidi ni yangu.

Mwezi wa nne baada ya mazishi nilipanda gari hadi Embu, nikaunganisha lingine hadi Chuka. Nilikuwa na picha yake kwenye bahasha. Nilikuwa nimepanga kutafuta mzee yeyote wa umri ule, nimwonyeshe, nimuulize. Nilishuka stendi, nikaingia hoteli, nikaagiza chai na chapati. Meza ya pili alikuwa mzee amevaa sweta, fimbo imeegemezwa kitini, anapuliza chai yake kwenye kisahani. Aliniamkia yeye kwanza, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kangundo. Akasema kule kuna watu wazuri, akauliza kama mvua imeanza kwetu. Nikasema bado. Tukaongea mvua hadi chai ikaisha, nikalipa yake na yangu, nikapanda gari la saa nane.